Kondoo Wanaosikika kwa Mkono

Hallvide, Gotland
14 Januari

Shangazi yangu Alfhild,

Shikamoo. Nyonga inaendeleaje? Mama ameniambia sasa unatembea na fimbo moja badala ya mbili, na kwamba dada Ragnhild, unayekaa kwake, anakulisha samaki kila siku mpaka umeanza kumwangalia vibaya. Sisi huku ni wazima, kondoo wako ni wazima, na theluji imefika kwenye dirisha la jikoni.

Eskil anakusalimu. Kila nikiandika jina lake natabasamu peke yangu kama mjinga. Mume wangu, Shangazi. Tumeoana tangu Oktoba na bado nikifumbua macho asubuhi namkuta ananitazama, anangoja niamke ili aanze kuzungumza, maana kwetu sisi viziwi mtu aliyefumba macho ni kama amekufungia mlango usoni. Saa yetu ya kuamkia ni ile inayotetemesha mto. Tumeiweka katikati yetu, na anayechelewa kuizima ndiye anayewasha jiko. Eskil huchelewa makusudi. Anadhani sijui.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Ulipokwenda Norrköping kupasuliwa, ulituachia kondoo tuwatunze majira haya ya baridi. Ulisema mezani, mbele ya watu wote, kwamba wakishazaa Aprili ndipo utaamua: utuachie sisi shamba na kondoo, au umuuzie jirani Roland kundi zima. Kisha ukasema kuzalisha kondoo ni kazi ya masikio. Mama alinifasiria kwa mikono huku uso umemwiva. Sikukasirika, ila nililia kidogo garini, na Eskil akanifuta machozi kwa soksi kwa sababu hakuwa na kitambaa.

Tunalitaka shamba hili, Shangazi. Tunalitaka kama watu wanavyotaka mtoto. Eskil ana mpango. Amefundisha kompyuta miaka sita kwenye klabu ya viziwi kule Örebro, wazee na vijana, na hakuna kifaa ambacho hajakifungua tumbo. Nitakueleza ukishakamilika.

Nilijaribu kukupigia Jumapili kupitia mkalimani wa video, yule anayeona mikono yangu na kukusemea wewe kwa sauti. Aliniambia ulisema "halo, halo" mara nyingi, kisha ukakata. Nikapiga tena, ikawa vilevile. Kama nimekuudhi, niambie.

Wako anayekupenda,
Ellika


Norrköping
2 Februari

Ellika,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa imelowa upande mmoja, lakini inasomeka. Nyonga inauma nikishuka ngazi, nikipanda haiumi. Daktari hana maelezo. Ragnhild amepika samaki tena.

Hukuniudhi. Huyo mkalimani wenu anaongea kama panya ndani ya gunia. Usinipigie, andika.

Kuhusu kondoo. Nimezalisha kondoo kwenye banda lile tangu nikiwa msichana mwenye misuko miwili ya nywele. Kondoo aliyekwama halii kama anayetaka majani. Nilikuwa nikisimama jikoni, nasikia sauti moja tu, na ninajua ni yupi na ana shida gani. Ninyi mtajuaje? Sisemi kwa ubaya. Nasema kwa ajili ya kondoo. Mama akikwama, unampoteza yeye na watoto wote kabla kahawa haijachemka. Roland ana masikio, na ana nafasi kwenye banda lake.

Msalimu Eskil. Asipande kwenye paa la banda, mbao za upande wa kaskazini zimeoza.

Alfhild


Hallvide
19 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Huku tumekula vitumbua vya krimu vya mwezi huu mpaka tumbo limegoma. Marafiki wanne wa klabu walivuka na meli kuja kisiwani kutuona. Walipotaka kuondoka, tuliagana jikoni, tukaagana ukumbini, tukaagana uani, kisha tukaagana dirishani mwa gari injini ikiwa inawaka, wakaikosa meli, wakalala tena. Unajua viziwi wakikutana. Kuaga ndiyo sherehe yenyewe.

Shangazi, mpango umekamilika. Najua ninajisifia mume, lakini wewe uliwahi kuolewa, utanivumilia.

Eskil amefunga maikrofoni kwenye dari la banda (hakupanda paani, nilimshika suruali). Zimeunganishwa na kompyuta ndogo kama kipande cha sabuni. Mfugaji mmoja wa bara alituma sauti za kondoo wake walipokuwa wakizaa, na Eskil ameifundisha kompyuta kuzitambua. Anazitazama kwenye skrini kama michoro. Mtu ambaye hajasikia kondoo hata siku moja anaijua sauti yake kwa sura. Ananionyesha kwa kidole:

"Huyu ana njaa. Mstari wake mfupi, mnene. Huyu ana uchungu, ona unavyopanda, halafu unakatika."

"Na huu hapa?"

"Huo ni mimi nimekohoa."

Kompyuta ikitambua uchungu, inatuma habari kwenye mikanda tuliyovaa mikononi, nayo inatetema. Wangu na wake kwa pamoja. Jana nilikuwa napika, yeye yuko uani, akaujaribu. Mkono wangu ukatetema nikajua ni yeye. Nikaishika meza. Sijui nikuelezeje. Ilikuwa kama ameniita kwa jina.

Ila kuna shida, ndiyo maana nakuandikia. Mikanda inatuita bure. Upepo ukivuma kutoka magharibi, inatetema, tunakimbia bandani na viatu havijafungwa, tunawakuta kondoo wamesimama wanatafuna, wanatuangalia kama wageni wasioalikwa. Kompyuta inasema kuna kitu kinalia kama kondoo mwenye uchungu. Sisi hatujui ni nini. Tulikaa kwenye majani makavu tukakisia.

"Upepo wenyewe una sauti?" Eskil akauliza.

"Wanasema unayo."

"Ndoo?"

"Ndoo inalia ikianguka tu."

"Theluji je?"

"Mama aliniambia theluji ikianguka hailii, ukiikanyaga inalia."

"Nani alipanga hivyo?"

Hatujui, Shangazi. Watu wanaosikia hawatuambii vitu hivi kwa sababu wanadhani kila mtu anavijua. Wewe umelifanyia kazi banda hili maisha yako yote. Ni kitu gani mle ndani kinachopiga kelele upepo wa magharibi ukivuma? Tukikijua tutakinyamazisha, na kengele yetu itakuwa ya kweli. Tusipokijua, kompyuta haitatofautisha kelele hiyo na kondoo anayekufa, nasi tutakuwa tumeshindwa.

Ninakungojea kwa hamu,
Ellika


Norrköping
6 Machi

Ellika,

Marahaba. Nimepona mafua. Huku mvua tu.

Hakuna kitu kinachopiga kelele kwenye banda lile. Niliingia humo kila siku ya Mungu mpaka Novemba. Ni banda kimya. Mashine yenu ndiyo mbovu.

Sikulaumu, wala simlaumu mkwe wangu. Mmejaribu. Lakini kengele inayolia bila sababu ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, maana siku ya kweli hamtainuka. Nimemwomba Roland aje kuwaangalia. Akiona haiwezekani, atawachukua kondoo kabla ya kuzaa, nanyi mtarudi Örebro bila aibu yoyote. Bado mna umri wa kufanya mambo mengine.

Kuna jamu ya matunda meusi kwenye rafu ya chini. Kuleni, isije ikaharibika.

Alfhild


Hallvide
22 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na asante kwa jamu. Eskil aliila na mkate wa zafarani, akabaki na mdomo wa zambarau mchana kutwa. Nilimbusu hivyohivyo.

Roland alikuja Jumanne na mbwa wake. Eskil alimwekea simu mezani, ile programu inayogeuza maneno yake kuwa maandishi, tukawa tunasoma. Mwanzoni aliongea na simu kama anaongea na askari wa mpakani. Kisha akasahau, ikaandika kila kitu, hata matusi aliyomtukana mbwa.

"Siandiki mimi, inaandika yenyewe," Eskil akamwonyesha.

"Basi iambie imwombe mbwa radhi," Roland akasema.

Nilimweleza shida yetu kwa maandishi. Alisema ni upuuzi mtupu, tutawaponza kondoo bure, yeye angewachukua kesho. Tukatoka wote watatu kwenda bandani. Upepo ulikuwa wa magharibi. Tulipokaribia, mkono wangu ukatetema, na wa Eskil ukatetema, na Roland akaziba masikio yake kwa viganja vyote viwili.

Tukamtazama. Yeye akatutazama.

Eskil akainua simu karibu na mdomo wa Roland, nayo ikaandika: "Ule mlango wa nyuma. Komeo limelegea, upepo ukiusukuma unalia kama kondoo anayechinjwa. Unalia hivyo miaka mitano sasa. Tunausikia mpaka kwetu tukila chakula. Nilimwambia Alfhild autie mafuta, akaniuliza, mafuta ya nini? Nikafikiri ananichokoza tu, unamjua alivyo."

Tulisoma yote. Eskil aliniangalia. Mimi nikaangalia mlango. Roland naye akajikuna kidevu, na simu ikaandika neno moja: "Aha."

Tulitia mafuta kwenye bawaba, Eskil akakaza komeo, na tangu siku hiyo mikanda imelala. Mashine haikuwa mbovu, Shangazi. Ilisikia kilichokuwepo.

Roland amesema hatachukua kondoo sasa. Atangoja aone watakavyozaa.

Zaidi ya hayo sina swali. Nataka tu kukwambia kwamba kama wewe unalo, kuhusu mashine au kuhusu jambo jingine lolote, mimi nimeishi upande huu tangu nizaliwe. Si mahali pabaya. Kuna watu wazuri sana huku, na mmoja wao nimeolewa naye.

Nakukumbatia,
Ellika


Norrköping
15 Aprili

Ellika,

Marahaba. Nimechelewa kujibu. Nilikuwa na shughuli.

Majani yameanza kuchipua huku. Ragnhild amenunua pazia la njano ambalo hata yeye halipendi. Sasa natembea bila fimbo ndani ya nyumba.

Habari za mlango nimezisoma. Mlango ni wangu, na Roland ana mdomo mpana.

Wataanza kuzaa wakati wowote sasa. Nimemwandikia Roland apite kila siku. Atakachoniambia yeye ndicho nitakachofuata, kwa sababu hana sababu ya kunidanganya, anawataka kondoo wale. Yule mwenye sikio moja jeusi huzaa kwa taabu. Kila mwaka. Mwangalieni. Osheni mikono mpaka kwenye kiwiko, na kateni kucha.

Alfhild


Hallvide
30 Aprili

Shangazi, Shangazi yangu,

Shikamoo haraka haraka, nyonga haraka haraka, pazia la njano litatupwa, nisamehe, siwezi kungoja. Wamezaa. Wote wamezaa, Shangazi, na hatujapoteza hata mmoja. Nakuandikia nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kuna wanakondoo kila ninapogeuka, weusi kama makaa, wamejikunja kama sufu iliyotoka kuoshwa. Eskil amelala kwenye majani kwa uchovu, mdomo wazi, na mmoja anamnyonya sikio. Sijawahi kuona mwanamume mzuri hivi.

Wa kwanza walikuwa rahisi. Mkanda unatetema, tunakwenda, tunakuta mama analamba mtoto. Nilianza kuringa. Kisha ikaja zamu ya Sikio Jeusi.

Ilikuwa asubuhi, Roland yuko jikoni kwetu anakunywa kahawa na kutusimulia juu ya trekta lake. Milango imefungwa, upepo umeinuka. Mikono yetu ikatetema pamoja. Eskil akasimama, kiti kikaanguka.

"Mmekumbwa na nini?" simu ikaandika.

"Bandani," nikamwonyesha.

Akainamisha kichwa, akasikiliza. "Sisikii kitu."

Tulikuwa tumeshatoka.

Alikuwa amelala ubavu, macho yamemtoka. Nilinawa, nikaingiza mkono, na hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo hatukulifikiria hata mara moja katika miezi yote ya kompyuta na nyaya. Mkono wangu mmoja uko ndani ya kondoo, wa pili unamshika nyonga, na mimi naongea kwa mikono. Nimekuwa bubu. Eskil amepiga magoti mbele yangu ananiuliza, "Umeshika nini? Kichwa au miguu?" na mimi nina habari zote vidoleni na sina kidole cha kumwambia.

Nikampiga teke.

"Hiyo ni miguu?"

Nikatikisa kichwa ndiyo.

"Mingapi?"

Nikapiga teke mara tatu. Akakunja uso. Kondoo mmoja hatoi miguu mitatu ya mbele. Walikuwa wawili, Shangazi, wamefungana kama watu wanaogombea mlango.

"Kichwa kiko wapi? Ukikipata inua pua."

Nilitafuta. Nilifumba macho nisikie vizuri kwa vidole, kisha nikakumbuka nikiyafumba siwezi kumwona akinisemesha, nikayafumbua. Yeye akaniambia, "Yafumbe. Nitakugusa." Akazunguka nyuma, akaweka kiganja mgongoni mwangu. Basi tukaongea hivyo, yeye akinigonga kwa kidole, mimi nikimjibu kwa mguu na pua, nikawasukuma nyuma, nikamtenganisha huyu na yule, nikakishika kichwa kidogo chenye utelezi, nikainua pua yangu juu mpaka shingo ikauma.

"Vuta," mgongo wangu ukaambiwa.

Nikavuta. Akatoka wa kwanza, akakohoa. Niliona mbavu zake zikipanda. Akatoka wa pili. Tukadhani tumemaliza, mikanda ikatetema tena, akateleza wa tatu peke yake, kama mtu aliyechelewa sherehe.

Nilipogeuka Roland alikuwa mlangoni, kofia mkononi. Alikuwa analia, Shangazi, ingawa atakwambia ni vumbi. Eskil akamwelekezea simu, nayo ikaandika:

"Mimi nina masikio mawili mazima na nilikuwa nasimulia trekta."

Halafu akafanya jambo lililonimaliza. Aliwahi kuwaona marafiki zetu wakipiga makofi kwa namna yetu, mikono juu, vidole vikipepea. Akaiinua mikono yake mikubwa, akaipepea, kofia na vyote.

Nimeshaolewa na mtu ninayempenda, nikadhani furaha imeishia hapo. Kumbe kulikuwa na nafasi.

Tuambie basi. Vyovyote utakavyoamua, tutakuheshimu. Lakini tuambie.

Ellika wako


Norrköping
9 Mei

Mwanangu Ellika,

Marahaba. Nyonga haisemi kitu, wala mimi sitaizungumzia.

Roland ameniandikia kurasa mbili. Mtu huyo hajawahi kuandika kurasa mbili tangu shuleni. Hataki tena kondoo wangu. Anasema angeona aibu kuwachukua, na anauliza kama mkwe wangu anaweza kumfungia vifaa hivyo kwenye banda lake, maana mwaka huu amepoteza wanne usingizini.

Basi nimeamua. Shamba ni lenu na kondoo ni wenu. Nitakuja na meli ya mwanzo wa Juni tukamalize mambo kwa mwanasheria, kisha nitahamia ile nyumba ndogo ya hapo shambani, mkishaipaka rangi. Msiipake njano.

Sasa nikujibu lile ambalo hukuniuliza. Ulifanya vizuri kutouliza. Ungeuliza ningekasirika, na ningewapa kondoo Roland kwa hasira tu, ninajijua. Miaka mitatu iliyopita niliwakuta wanakondoo wawili wamekufa na mama yao bado amesimama juu yao. Nilikuwa jikoni, dirisha wazi. Niliwaambia watu ni ugonjwa. Nilisema kuzalisha ni kazi ya masikio kwa sababu nilijua kinachotokea masikio yakiondoka. Sikuwa nakusema wewe.

Baada ya barua yako ya mlango nilikaa wiki nzima sikuongea na Ragnhild. Kisha nikamwambia anipeleke maktaba, ambako wanawafundisha wazee waliopoteza usikivu kutumia simu na kompyuta. Mwalimu wetu ni kiziwi kama wewe, msichana wa nywele fupi, hana subira hata kidogo. Siku ya kwanza nilifuta picha zote za Ragnhild. Siku ya pili niliwasha ile programu ya maandishi nikiwa mezani kwa kina Ragnhild, na kwa mara ya kwanza tangu nije hapa nikasoma yote wanayosema wakila. Mengi yalikuwa yananihusu. Niliwajibu moja baada ya jingine. Ungeona nyuso zao.

Mwalimu ananifundisha na mikono pia. Vidole vyangu ni vigumu kama karoti, anasema nina lafudhi ya mtu aliyevaa glavu. Lakini tunaelewana.

Mwambie mkwe wangu nina sharti moja, na bila hilo sisaini kitu. Anitengenezee mkanda, wa mkono wa kushoto, utetemeke kwa nguvu kwa sababu ngozi yangu ni ya kizee. Mwaka ujao wakianza kuzaa sitakaa dirishani kuwatazama mkikimbia. Tutakimbia watatu, na mimi nitafika wa mwisho, lakini nitakuwa nimeitwa.

Shangazi yako,
Alfhild